Kokushubila Erasmus, Mshambuliaji wa Mpira wa Magongo, 1988–2024

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Tegeta na wanamichezo mliofika, familia imemkabidhi Gaspar, kaka mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wake, naye anaomba mumvumilie akisoma polepole, kwa kuwa bado hajayazoea maneno haya.

Kokushubila, ambaye wengi mlimwita Koku, alizaliwa Bukoba mkoani Kagera tarehe 9 Machi 1988, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Mzee Erasmus, aliyekuwa karani wa shirika la reli kwenye bandari ya huko, na Mama Yuliana. Mwaka 1994 baba alihamishiwa Dar es Salaam, familia ikapanga Tabata, na huko Koku akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1996 hadi 2002.

Alisoma sekondari mwaka 2003 hadi 2006, na hapo ndipo Mwalimu Bupe, aliyekuwa na magongo tisa tu kwa wasichana ishirini, alipomwona akikimbia, akampa gongo moja lililofungwa utepe mweusi shingoni, akamwambia, “Wewe ukae mbele, nyuma utanichosha.” Akakaa mbele miaka yote iliyofuata.

Mwaka 2007 alijiunga na klabu ya Nyuki ya Buguruni, akaichezea misimu kumi na miwili, wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi ambako mpira ukigonga jiwe unabadili njia, na mwaka 2009 akaajiriwa kuwa karani wa bohari ya dawa hukohuko Buguruni, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipokataa. Timu ya taifa ilimwita kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2010.

Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Fredrick, fundi umeme, wakahamia hapa Tegeta kwenye nyumba iliyokuwa bado haina dari, wakajaliwa watoto wawili, Clara mwaka 2013 na Romani mwaka 2017.

Familia imejadiliana kama lisemwe la Nairobi, na Fredrick amesema lisemwe. Jumapili ya tarehe 20 Septemba 2015, katika mchezo wa mwisho wa kufuzu, timu yetu ilikuwa nyuma bao moja na sare ingetosha, zikiwa zimebaki dakika tatu nahodha Mwamvita alipiga mpira kutoka kulia, Koku akausukuma wavuni, wenzake wakamrukia. Mwamuzi, ambaye alikuwa amezibwa na mabeki, alimfuata akamuuliza, “Dada, mpira umekugusa mguu?” Katika mchezo huu mshambuliaji akiguswa na mpira mguuni ni kosa, wala hakuna mwingine aliyeona. Koku akajibu, “Umenigusa.” Bao likafutwa, timu ikafungwa moja bila, safari ikaishia pale.

Basi lilirudi Dar es Salaam bila mtu kukaa kiti cha pembeni yake. Siku ya pili alikuja Tabata kuwaamkia wazazi, na Gaspar akamwambia mbele ya wote, “Nani alikutuma useme? Si ungenyamaza tu!” Koku akasema, “Kaka, kaniuliza. Mie ningemjibu nini?” Gaspar akacheka, akasema na mengine yasiyofaa kusomwa hapa, na hakuwahi kuyaomba radhi, miaka minane na ushee ikapita wakikutana kwenye harusi na misiba na kuulizana habari za watoto.

Koku hakuitwa tena timu ya taifa hadi mwaka 2018, alipoingia kama mchezaji wa akiba michezo miwili, dakika kumi na nne kwa jumla, hakufunga. Kwa taifa alicheza michezo thelathini na moja, akafunga mabao kumi na saba.

Mwezi Februari 2022 alianza kuvimba miguu, akadhani ni majeraha ya zamani, vipimo vikaonyesha figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila Alhamisi aliyempeleka na kumrudisha alikuwa Mwamvita, na hatujui walisemezana nini siku ya kwanza. Gaspar alikwenda hospitali mara nne. Mara ya mwisho alimkuta amelala, akakaa saa nzima, akaondoka bila kumwamsha. Koku alifariki Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa bohari, na Mwalimu Bupe aliyesafiri kutoka Tukuyu.

Mazishi ni saa tisa, makaburi ya Kondo. Marehemu aliacha ombi kwamba jeneza libebwe na wachezaji wenzake, wanawake sita, wazee wa ukoo wakasita, jana jioni wakakubali. Mwamvita atatangulia mbele kulia. Gaspar ameomba kutembea nyuma yao.

Pumzika, Koku. Ulijibu vizuri.