Shigetomi Kaneo, Aliyekinga Rangi kwa Chumvi ya Jikoni

Marehemu Shigetomi Kaneo alizaliwa Yaizu tarehe 9 Machi 1947, mtoto wa pili wa fundi injini wa meli ya kuvulia jodari. Alimaliza sekondari mjini Shizuoka Machi 1965, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha modeli za plastiki. Alisugua kalibu, yaani vyuma vya kumiminia plastiki, humo hadi alipostaafu mwaka 2007.

Mwaka 1972 alimwoa Fusae, wakajaliwa binti mmoja, Natsuko. Nyumbani aliunda meli ndogo, na ili rangi isishike pasipotakiwa alitumia vitu vya ndani: gazeti lililoloweshwa, plasta za vidonda, na hasa chumvi. Alipaka rangi ya kutu, ikikauka akanyunyiza maji na chumvi, kisha nyeupe juu yake. Chumvi ikipanguswa, kutu inachungulia.

"Baba Natsuko, chumvi imekwisha tena! Samaki nimpake nini, rangi?"

"Kwangua ile ya kwenye meli, Mama Natsuko."

Hakuwa malaika. Mara moja alikinga kwa unga uliokandwa na mafuta, rangi ikabanduka yote, akanuna wiki nzima.

Mwaka 1988 chama chake cha modeli kilipitisha kanuni: kwenye maonyesho, rangi ikingwe kwa utepe wa dukani tu. Meli yake ya jodari, kazi ya miaka miwili, ilikuwa tayari. Mwenyekiti, Bwana Kawashiri, alimvuta pembeni.

"Kaneo, sema tu ulitumia utepe. Nani atajua?"

"Mimi. Na wewe pia."

"Basi ondoa! Hapa ni maonyesho, si jikoni."

"Jikoni kwetu hatudanganyi."

Aliiweka nje mlangoni, juu ya kreti la machungwa, siku zote tatu. Watu walipanga foleni kuitazama. Chamani hakurudi.

Septemba 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Januari, Bwana Kawashiri alimtembelea wodini.

"Rudi, mzee mwenzangu. Tutakupa uanachama wa heshima."

"Kanuni mmeifuta?"

"Bado."

"Basi acha nife nikiwa nje."

Alifariki tarehe 14 Februari 2020, saa nne asubuhi, Fusae akiwa amemshika mkono.

Juzi chama kimeomba kuionyesha meli ile kwa kumbukumbu yake. Familia imejibu: futeni kanuni kwanza.

Ameacha mjane, Fusae, binti, Natsuko, mkwe, Tsunehiro, na wajukuu wawili. Apumzike kwa amani, wala asiombe radhi kwa yeyote.