Dobi na Nafasi ya Beki

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio, na mwenye birika jikoni aliondoe motoni kwanza, maana sitarudia mara mbili. Jana alasiri, katika mji wetu wa Thornclough, tulimzika Bi Zillah Entwistle. Alikuwa na miaka themanini na saba. Kazi yake ilikuwa dobi.

Nasema tena, dobi. Hakuwahi kupiga mpira hata siku moja. Mchezo wenyewe ulimchosha. Alisema haelewi kwa nini wanaume ishirini na wawili wagombee ngozi moja wakati kwa mchinjaji zimejaa tele. Lakini kile kikosi bora cha enzi za mwanzo za mpira wa kulipwa, majina kumi na moja yanayopita mitaani kwenye bendera ya klabu kila wiki ya Pentekoste, kilikamilishwa na yeye. Wazee watano walikaa majuma sita wakichagua, wakakosea jina moja. Dobi akalisahihisha, na kidogo limgharimu ndoa yake.

Turudi nyuma. Mwaka 1885 wakubwa wa mpira waliruhusu wachezaji walipwe waziwazi. Zillah alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, akifua nguo na mama yake kwenye ua nyuma ya mfereji. Klabu ikawapa mashati kumi na moja ya kufua kila Jumatatu. Kumbukeni, siku hizo mashati hayakuwa na namba. Hata golikipa alivaa shati kama la wenzake. Basi Zillah akashona uzi mdogo ndani ya kola ya kila shati, kila mchezaji na rangi yake, ili asije akampa mtu mwembamba shati la mtu mnene.

Binti yake, Bi Selina, ameniambia hivi: "Mama hakuwa anasoma mechi gazetini. Alikuwa anaisoma kwenye beseni. Anakwambia, huyu kaanguka mara nne, huyu kasimama tu anapiga kelele." Kulikuwa na winga mmoja, simtaji kwa kuwa wajukuu zake wananisikiliza, ambaye magazeti yalimsifu kila Jumamosi. Shati lake lilirudi kwa Zillah likinukia sabuni ya wiki iliyopita.

Sasa wawekeni watu wawili akilini. Wawili tu. Wa kwanza ni Abel Entwistle, beki wa kulia, mfumaji wa kiwandani, mwana wa mama aliyeuza pai za viazi kwenye geti la uwanja. Abel alikuwa mchumba wa Zillah. Wa pili ni Murdo Gilchrist, beki wa kushoto, aliyeletwa kutoka Uskoti mwaka 1887 ili alipwe acheze. Abel alikuwa mtoto wa nyumbani. Murdo walimwita "Mskoti wa kununuliwa", na waliomwita hivyo ndio hao hao waliopiga kelele klabu imnunue.

Februari 1888 tulicheza mechi ya kombe na wageni kutoka Bankfield. Mvua ilinyesha siku tatu. Mbele ya goli palikuwa bwawa, kwa hiyo walimwaga majivu ya makaa ya kiwandani, hapo tu, pasiteleze. Tunaongoza moja bila. Zimebaki dakika sita. Golikipa wetu akapigwa kikumbo, jambo lililoruhusiwa enzi hizo, akalala kwenye tope. Goli likabaki wazi. Mpira ukapigwa. Mtu mmoja akajitupa, akauzuia kwa kifua juu ya mstari wenyewe.

Nani? Wote walikuwa weusi kwa tope, na pale mstarini walilala wawili, Abel na Murdo. Umati ukamwinua Abel. Gazeti likaandika Abel. Kuanzia siku hiyo Abel Entwistle akawa shujaa wa mji. Alipewa baa ya kuendesha, picha yake ikatundikwa ukutani, na hakuwahi kwenda kunyoa bila kinyozi kumsimulia ile siku, kana kwamba yeye hakuwepo.

Jumatatu Zillah akafungua furushi. Shati moja lilikuwa na duara jeusi kifuani, majivu matupu, na ndani ya duara mistari ya kamba ya kufungia mpira imejichora. Akageuza kola. Uzi ulikuwa wa kijani. Kijani kilikuwa cha Murdo. Akatafuta shati la Abel. Mgongo ulijaa tope toka juu hadi chini. Kifua kilikuwa safi kama cha mwinjilisti. Zillah alilifua shati la Murdo mara tatu mpaka alama ikatoka. Harusi ilikuwa baada ya wiki saba. Hakumwambia mtu.

Majira ya baridi yaliyofuata, Murdo akavunjika goti. Mchezaji akivunjika, desturi ilikuwa kumchezea mechi ya kumchangia. Kamati ikauliza, Mskoti ametufanyia nini hasa? Mechi haikuchezwa. Asubuhi ya kuondoka, Murdo alipita uani kwa Zillah akichechemea, begi moja mkononi.

"Nimekuja kukushukuru kwa kunifulia," alisema.

"Ni kazi yangu."

"Ile alama ilitoka?"

Zillah alishindwa kumtazama usoni. "Ilitoka. Mara ya tatu."

"Haya basi," alisema Murdo, akavua kofia, akaenda zake kituoni. Bi Zillah alimwambia binti yake kwamba maneno hayo mawili yalimuuma kuliko matusi. Alikuwa ameolewa tayari, na alirudi kwenye beseni akalia.

Miaka ikapita, wasikilizaji wapendwa. Ikafika 1935, jubilei ya miaka hamsini ya mpira wa kulipwa. Klabu ikaamua kuchagua kumi na moja bora wa enzi za mwanzo na kuwaandika kwenye bendera ya maandamano ya Pentekoste. Wazee watano wakajifungia. Walibishana kuhusu golikipa hadi mmoja akatupa meno yake ya bandia mezani. Enzi zile timu ilikuwa na mabeki wawili tu. Nafasi moja ilikuwa ya nahodha wa miaka ya baadaye, hakuna aliyebisha. Ikabaki nafasi moja ya beki. Hapo hawakubishana hata kidogo. Abel.

Mwenyekiti, Bwana Seth Horsfall, alileta kitambaa cha hariri na orodha nyumbani kwa akina Entwistle. Zillah ndiye aliyekuwa na mkono bora wa sindano mjini.

"Mama Selina, kazi ndiyo hii," alisema. "Majina kumi na moja, uzi wa dhahabu. Mumeo nimemweka juu kabisa, usije ukasema sijakutendea wema."

Zillah alisoma orodha. "Murdo Gilchrist yuko wapi?"

"Yule Mskoti? Mama, tumechagua wachezaji, hatujachagua wapangaji."

"Kiache kitambaa hapo mezani."

Alishona majina kumi. Mahali pa juu kabisa pakabaki patupu. Siku ya tisa, wakila matumbo na vitunguu, Abel akamtania: "Mbona langu bado? Umeniwekea akiba?"

"Abel, lile goli alizuia nani?"

Abel akaweka uma chini. "Si unajua. Gazeti liliandika."

"Gazeti sikulifua. Nilifua mashati."

Selina alikuwepo, na anasema baba yake alisukuma sahani kando.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile."

"Miaka arobaini na saba? Na ukakubali nikuoe hivyo hivyo?"

"Nilikuwa nakupenda, na keki ilishaagizwa," alisema Zillah. "Kosa ni letu sote wawili. Wewe ulinyamaza, na mimi nikanyamaza. Yule mtu akaondoka na goti bovu, hana hata mechi moja ya kumchangia. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sitashona jina lako pale."

Abel akachukua kofia, akahamia kwa dada yake. Siku nane. Mji mdogo huu, mnajua wenyewe. Siku ya pili kila mtu alishajua kwamba Entwistle kamkimbia mkewe, na hakuna aliyejua kwa nini. Selina alimsihi: "Mama, shona tu jina, mambo yaishe. Mtaachana uzeeni kwa sababu ya mpira?" Mama yake akamjibu, "Mwanangu, nimetoa madoa maisha yangu yote. Hili sitaliweka kwa mkono wangu." Aliogopa sana, alikiri baadaye. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kitanda kilikuwa kipana mno kwa mtu mmoja. Lakini hakushika sindano.

Siku ya tisa Abel akarudi. Alisimama mlangoni na nguo za kanisani.

"Sikuuzuia," alisema. "Niliteleza. Nilikuwa chali, natazama mawingu, nikasikia watu wanaita jina langu. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho ikaja na bendi."

Zillah akamvutia kiti. Siku hiyo hiyo wakaenda pamoja kwenye kamati, na Abel akawaeleza wazee watano yote. Sasa sikilizeni maajabu. Hawakumwamini.

"Abel, umezeeka," alisema Horsfall. "Mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu mawili."

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili, Seth, na ulikuwa nyuma ya mama yangu unaiba pai."

Wakapiga kura. Watano kwa sifuri, Abel abaki. Mimi nimetangaza mpira miaka mingi, sijasikia mchezaji mwingine aliyeomba aondolewe kikosini akakataliwa.

Kamati ilikuwa na kura. Zillah alikuwa na bendera. Asubuhi yake Abel alishika kitambaa kisikunjamane, na mkewe akashona pale juu kabisa, kwa uzi wa dhahabu: Murdo Gilchrist.

Ijumaa ya maandamano bendera ikafunguliwa mbele ya mji mzima. Bwana Horsfall alibadilika rangi. Watu wakaguna, wengine wakazomea. Mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni mwa baa, "Abel, mkeo kakufuta!"

"Hajanifuta," alijibu Abel. "Kanifua."

Watu walicheka, lakini si wote. Picha yake ilishushwa ukutani. Miaka miwili hawakualikwa kwenye ukumbi wa klabu. Bendera haikubadilishwa, kwa sababu hariri ilikuwa imekwisha na hakuna mwanamke mjini aliyekubali kufumua mshono wa Bi Zillah. Jioni ya siku ile Abel alimwambia mkewe, "Leo nimetembea mtaa mzima, na ndiyo mara ya kwanza siogopi kuulizwa." Alifariki mwaka 1943, akiwa mtu mwepesi, anasema Selina, mtu anayepiga mluzi.

Bwana Horsfall alikuwepo jana makaburini, na fimbo yake. Nilimuuliza. "Bado nasema ni Abel," alisema, kisha akatoa leso.

Wiki iliyopita Selina alimuuliza mama yake swali ambalo hakuwahi kuthubutu. Katika wote uliowafulia, nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Bi Zillah alifikiri kidogo. "Murdo alizuia goli," alisema. "Baba yako alilirudisha kwa mwenyewe. Kurudisha ndiko kugumu."

"Kwa hiyo ungemweka kwenye bendera?"

"Hapana. Ile ni bendera ya mpira."

Bi Selina, na watoto wako, na ukoo wote wa Entwistle, poleni sana. Mama yenu alikuwa mkali, alikuwa mcheshi, na mji huu unamdai shukrani ambayo haukuwahi kuitamka. Naitamka mimi leo.

Nawe uliye karibu na redio, nakuachia jambo moja ulale nalo. Murdo Gilchrist alifariki mwaka 1921, miaka kumi na minne kabla ya bendera ile. Hakuiona. Hakumsikia Abel akisema, "Sikuuzuia." Bi Zillah alilisema hilo mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomliza, si kelele za watu. Kama una sifa ya mtu mwingine nyumbani mwako, na unajua anakoishi, hodi yako bado itaitikiwa. Nenda angali yu hai.