Hata Mungu Yuko Kwake

Fundi cherehani alipanda basi mkanda wa kupimia ukiwa shingoni. Jirani yake kitini, mwalimu wa madrasa asiyemjua hata kwa sura, alimwuliza tu kama hospitali ingali mbali.

"Kituo kijacho. Kalazwa humo fundi mwenzangu, maduka yetu yanatazamana milango. Mtu hana hata mkanda, anapima kwa jicho! Sasa mgongo umemlaza, na wateja wangu wanamfuata wodini awapime kitandani!"

Wivu ule ungepiga pasi suruali tatu bila mkaa.

"Umeshakwenda kumtazama?"

"Nikamwongezee watu?"

"Ndugu yangu, katika hadithi kudsi, maneno ya Mungu aliyotusimulia Mtume, Mwenyezi Mungu atasema Siku ya Kiyama, 'Ewe mwanadamu, niliumwa, hukuja kunitazama.' Mja atashangaa: nikutazameje, nawe ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa, 'Mja wangu fulani aliumwa. Lau ungemtazama, ungenikuta kwake.'"

Fundi akaruka kama aliyekalia sindano. "Kwake! Wateja kwake, sifa kwake, sasa hata Mungu yuko kwake!"

Basi likasimama hospitalini. Mwalimu akashuka. Fundi akavua mkanda, akauficha mfukoni, akaweka mguu mmoja ngazini, wa pili ukagoma ndani.

"Mzee," kondakta akamwuliza, "unashuka, au unaipima ngazi?"