Shimo Lile Msilifukie

Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe kifungua mimba wangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo ukae kitandani upande huu, dada yako akae upande ule, maana sauti imeniishia na sitaki mmoja aje kumsimulia mwenzake nilichosema.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, hilo halina mjadala. Ninalotaka kusema ni la shimo.

Nilikuwa fundi wa pampu kule machimboni, watu wakaniita Bwana Pampu mpaka jina langu wakalisahau, na kazi yangu ilikuwa kuyatoa maji ili wenzangu wachimbe mawe. Kampuni ilipofunga virago nikaambiwa nizime mashine, shimo nikapewa kama kiinua mgongo, mji mzima ukacheka. Maji yakapanda taratibu, yakameza ngazi, yakameza barabara ya malori, nami nikakaa ukingoni nikilia kama mtoto. Mama yenu hakulia. Alikuwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke asiyeweza kuishi na huzuni chini ya paa moja. Mto ulipofurika na samaki wakaingia shimoni, aliazima mtungi wa hewa na miwani ya kuzamia, akashuka, na alipoibuka alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Mume wangu," akaniambia, "wewe umekaa huku unaomboleza, kumbe huko chini kuna watu wamehamia!"

Akanifundisha, nikashuka naye. Wanangu, nimeona mengi, lakini sijaona kama yale: kambale mkubwa kama mbwa amelala ndani ya lori bovu lililoachwa, masharubu yakicheza, anatutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa na hodi. Na perege jike, yuko juu ya watoto wake wadogo kama punje za mtama. Kivuli chetu kilipopita akafungua kinywa, wote wakaingia, akafunga. Hakukimbia. Alituangalia tu, mdomo umejaa watoto, mpaka tuliporudi nyuma ndipo akawaachia watoke. Mama yenu alinibana mkono hadi ukaniuma.

Nipe maji kidogo... Inatosha.

Binti yangu, siku uliyonaswa na waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia mizigo iliyobaki chini, mimi nilikuwa juu naona mapovu tu. Hewa yako ilikuwa imekwisha, na kaka yako, uliyeshuka naye, angeweza kupanda kuniita, lakini alijua akirudi hatakukuta. Akatoa kipumulio mdomoni mwake akakupa wewe, ukavuta, akavuta yeye, ukavuta tena, huku mkono mmoja unahangaika na waya. Mlipofika juu alivua vifaa akaenda nyuma ya stoo akatapika. Hajazama tena.

Sasa amekuja huyu tajiri wa maghala anataka kulijaza kifusi, kaka yako anasema tuuze, wewe unamwita mroho, na mnakula meza moja bila salamu. Mwanangu, kaka yako si mroho, anaogopa. Kila ukishuka na wanafunzi wako wa kuzamia, yeye husimama nyuma ya stoo, anayakodolea macho yale mapovu mpaka uibuke, ndipo anaondoka haraka usimwone. Mimi namwona kwa dirisha hili. Unasema nini? ... Eeh, najua hukujua. Naye asingekwambia, ana kichwa kigumu kama mama yake. Nawe kaka mtu, usijifute macho, baba, hakuna aibu hapa.

Basi nasema hivi. Shimo ni lenu pamoja, lisigawanywe, lisiuzwe, lisifukiwe. Wewe dada mtu utafundisha. Kaka yako ndiye atakayesema leo watu washuke au wasishuke, na akisema hapana, ni hapana, hata kama wanafunzi wamekwisha vaa. Nyaya zote zilizobaki zitolewe. Na pale kwenye lori asivue mtu.

Nimechoka. Wekeni mikono hapa, yote miwili... Mungu awape pumzi ndefu, awape macho ya kushangaa mpaka uzeeni, asiwatenganishe.

Maji leo yakoje? ... Hamjui? Hamjaenda? Haya, inukeni, msikae hapa kuhesabu pumzi za mzee. Nendeni wote wawili... mkatazame kama yametulia... mrudi mniambie.

Nendeni. Mimi nipo.