Miti Kumi na Mmoja ya Bustani Yetu

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani, wageni wetu kutoka Ruangwa, wakazi wa Nachingwea, nawe dada yangu Sikudhani, ambaye leo tunakuaga kazini:

Nimeombwa neno la shukrani. Nitalitoa, ila nitaanza na hasira, maana ndiyo niliyokuja nayo.

Mimi ni Serafina, mwalimu wa historia. Kwa miaka kumi na tisa nimewaleta wanafunzi wangu watembee na mtunza bustani huyu. Alituvulisha viatu tukapita ndani ya mfereji wa mawe. Alitusimamisha chini ya mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, iliyopandwa kwa mstari ulionyooka enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, akatutajia vibarua walioimwagilia kwa madebe mpaka ikashika. Baba yake alikuwa mmoja wao.

Mwezi Juni Kamati ikaamua kwamba magari ya wageni yafike hadi jukwaani hapa, na mikrismasi ilikuwa njiani. Msumeno ukaletwa. Sikudhani akasimama mbele ya mti wa kwanza.

"Mama, sogea, tuna amri," fundi akamwambia.

"Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Mwenyekiti akapigiwa simu, nami nilikuwapo, nikamsikia: "Mwondoeni. Huyo ni mfagiaji tu."

Wakamshika mikono, wakamburuta hadi langoni. Kabla ya adhuhuri miti kumi na mmoja ilikuwa chini. Wiki iliyofuata akaletewa barua ya kustaafu, miezi minane kabla ya wakati wake.

Leo tunampa chupa ya chai na kitenge, tunapiga makofi. Makofi ya nini, ndugu zangu? Nani kati yetu tulioketi hapa amewahi kuimaliza bustani hii kwa miguu? Tulinyamaza kwa sababu hatukujua kinachokatwa. Mimi nilijua, nikanyamaza. Dada, nisamehe.

Jana nilimuuliza anataka nimsemee nini. Hakutaja barua wala mikono iliyomburuta. Alisema, "Wanafunzi wa shule ya Likunja wanakuja Jumamosi. Nani atawatembeza?"

Utawatembeza wewe, Sikudhani, na mimi nitakuwa nyuma yako. Mwenyekiti, nawe njoo, kwa miguu, uwaeleze watoto wa watu visiki vile ni vya nini.

Kwa utumishi wako, dada, asante sana. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni.