Bangili ya Kwanta

KARIMU: Haloo? Nani huyo? Sisikii vizuri—

SALIMA: Ni mama yako, huku Rumonge. Na namba yangu umefuta?

KARIMU: Amahoro, Mama. Simu ilianguka kwa maji, ndiyo—

SALIMA: Wacha salamu za amahoro. Shangazi yako Kadidja ameacha sindano zake za sukari.

KARIMU: Ameacha? Kwa nini?

SALIMA: Zabroni, yule rafiki yako, amemuuzia bangili ya kwanta, eti inatibu sukari. Huku kwetu, wanawake wote wanaoanika vile visamaki vya ndagala wameivaa. Na kwenye video yake anayesema ni wewe.

KARIMU: Mama, mimi nilieleza masomo yangu ya chuo tu. Aljebra za kwanta. Ni hesabu ambazo—

SALIMA: Zinatibu?

KARIMU: Hapana! Ukizidisha hiki kwa kile, halafu ugeuze mpangilio, jibu linakuwa lingine. Watu wa fizikia wanazitumia kwa vile vitu vidogo kabisa visivyoonekana. Sisi tunapimia mafundo, kujua kama fundo hili na lile—

SALIMA: Mafundo! Baba yako anafunga mafundo ya nyavu tangu hujazaliwa, na hajaua mtu.

KARIMU: Zabroni alikata maneno yangu, Mama. Akabakiza "kwanta inabadilisha mpangilio," basi.

SALIMA: Hiyo video uliiona?

KARIMU: Mtandao unakwaruza, Mama, sisikii—

SALIMA: Nimeuliza, wewe mutoto. Uliiona?

KARIMU: Niliiona.

SALIMA: Ukanyamaza.

KARIMU: Watu walianza kuniita Dokta, hata barabarani. Nikasema nitamwambia aifute, nitamwambia—

SALIMA: Mguu wa shangazi yako unanuka, Karimu.

KARIMU: Astaghfirullah. Mpeleke hospitali! Sasa hivi!

SALIMA: Pikipiki iko mlangoni. Hataki. Anasema mimi niliishia darasa la sita, anayejua ni wewe. Nimeweka sauti kubwa, yuko hapa. Sema.

KARIMU: Shangazi... toa hiyo bangili. Ni chuma tu. Hesabu zangu hazitibu mtu.

SALIMA: Kwa nguvu! Mbona kwenye video hukunong'ona?

KARIMU: Hazitibu!

SALIMA: Amesikia. Ngoja, anauliza kitu—

KARIMU: Mama, nasikia mlio, yunite za simu yako zinakwisha. Mpandishe pikipiki, nitakupigia—

SALIMA: Anauliza: kama hazitibu, koti jeupe la muganga kwenye video ulivaa la nini?

KARIMU: Lile koti... Mama, lile koti nili—

(Simu imekatika.)