Swali la Mafuriko

Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kimeondoka Msangamkuu kuelekea mjini pale mama mmoja alipomgeukia mwanamume wa makamo aliyeketi kati yake nami. "Samahani, ndiwe mwalimu uliyewapa darasa la sita swali la mafuriko?"

"Ndiye mimi, mama. Maji yanaingia ndani, simu hazishiki, mtumbwi unabeba wanne, nanyi mko watano. Mtafanyaje?" Alilitamka kama mtu asifiaye mapishi yake.

"Elsa wangu alijibu, 'Bibi abaki, maana hatembei haraka.' Ukampa vema."

"Swali halina jibu moja, mama Elsa. Huko waendako sisi hatukujui. Lazima wajifunze kuwaza wenyewe."

"Basi alimsomea bibi yake jibu lile, kwa furaha ya vema yako. Mama yangu aliivuka Ruvuma akikimbia vita, mimi nikiwa mgongoni mwake. Sasa kila asubuhi anazunguka nyumba na mkongojo. Nikimuuliza, anasema anajifunza kwenda mbio."

Mimi nilijifanya natazama maji, kumbe nilikuwa nimeshaanza kuwapanga watu wa nyumbani kwangu mtumbwini.

"Elsa anasema mwanao naye yumo darasani humo," mama akaendelea. "Yeye alimwacha nani?"

"Sijamuuliza."

"Kwa nini?"

"Naogopa, mama."

Kivuko kikagota gatini. Watu wakasimama kushuka, mwalimu akabaki ameketi.